Mikoko ya Bagamoyo hunywa maji ya Uluguru

Kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, Mto Ruvu unapoingia baharini, kuna msitu uliosimama kwenye tope. Maji yakipwa, mizizi ya mkoko hubaki wazi, imeshikwa na chaza, na kaa wadogo hutoka mashimoni kuburuta majani yaliyoanguka. Mashimo hayo ndiyo yanayopitisha hewa topeni. Viboko wapo, mamba wapo, na kuanzia Septemba hushuka ndege wa pwani waliosafiri kutoka Ulaya na Siberia. Msitu huu ni hifadhi ya Serikali, na kukata mti bila kibali ni kosa. Ulinzi huo ni wa lazima, lakini hautoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya hatima ya mikoko hii huamuliwa mkoani Morogoro.

Huko Morogoro, mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga Milima ya Uluguru upande wa mashariki, na huko hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu wa juu, ambao mwaka 2008 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, huipokea mvua hiyo na kuiachia polepole hata kiangazi. Mgeta, Mvuha na Ngerengere hukusanya maji ya milima hii na kuyaingiza Ruvu.

Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto. Bamvua likijaa, maji hayo hupenya chini ya maji baridi na kupanda mtoni. Masika mto una nguvu, huyarudisha. Mwezi Oktoba, mto ukiwa umedhoofu, chumvi hupanda mbali zaidi, na hapo kila mti huonyesha uwezo wake. Mchu hustahimili sana: hutoa chumvi kupitia majani, na ukipitisha kidole juu ya jani lake wakati wa jua kisha ukalamba, utaionja. Msikundazi hauna ustahimilivu huo, hupenda sehemu zinazofikiwa na maji baridi. Kiangazi kikirefuka mwaka baada ya mwaka, miti ya aina hiyo hurudi nyuma. Kamba nao wanaitegemea mikoko hii. Huzaliwa baharini, lakini wachanga wao huingia na maji kujaa, wakakulia kwenye vijito vya mikokoni, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa.

Kuna pia udongo. Tope la mlimani ndilo linalojenga ardhi ya mikoko, kwa hiyo mto usio na udongo kabisa ungeudhoofisha msitu. Lakini miteremko ikilimwa bila kinga, udongo hushuka kwa wingi na kufukia mizizi ya kupumulia. Wakoloni walijaribu kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 wananchi wa Matombo waligoma hadi kukatokea ghasia. Miaka hamsini baadaye, huko Kibungo, kwenye milima hiyohiyo, ilijaribiwa njia nyingine: wakulima walilipwa kwa kuhifadhi miteremko, shirika la maji la Dar es Salaam likiwa miongoni mwa walipaji. Naamini hiyo ndiyo njia ya haki. Mkulima mwenye shamba dogo mlimani hawezi kubebeshwa peke yake gharama ya maji yanayonywewa mjini.

Maana mji unakunywa mengi. Mtambo wa Ruvu Chini unaweza kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Oktoba 2022 mto ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao. Mikoko, iliyo chini kabisa ya mto, hupata kinachobaki.

Sasa kuna Bwawa la Kidunda kwenye Mto Ruvu, mradi wa mita za ujazo milioni 190. Likiendeshwa vizuri, litaupa mto maji wakati wa kiangazi, jambo ambalo mikoko inalihitaji mno. Likiendeshwa kwa kuangalia mabomba tu, litazuia tope nyuma ya ukuta wake na kupunguza mafuriko ya masika yanayolisambaza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, na baada yake inayapa mazingira fungu kabla ya kilimo na viwanda. Kwa hiyo Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao makuu Morogoro, ina msingi wa kisheria wa kudai kwamba ratiba ya kufungulia maji ya Kidunda itaje kiasi kinachopaswa kufika Bagamoyo mwezi Oktoba, na kwamba kiasi hicho kipimwe mlangoni mwa mto, mahali chumvi inapoingilia.