GODORO BOVU TULITUPE WAPI?



Mwenye shamba kule milimani hana shida kubwa ya takataka: maganda huyarudisha kwenye migomba. Lakini sisi tunaopanga chumba kimoja mjini Kasese, tutachimba shimo wapi? Gunia hujaa kwa siku tatu. Na godoro likioza, hukaa mlangoni mpaka usiku, asubuhi halipo. Limekwenda wapi? Limekwenda mto Nyamwamba. Tusifichane.

Mto huo si wa kuchezewa. Tarehe 1 Mei 2013, siku yetu ya wafanyakazi, ulishuka kutoka Rwenzori na mawe na magogo, ukabomoa nyumba za Kilembe na kuingia hospitalini. Mei 2020 ukarudi tena. Hatusemi kwamba takataka ndizo zilizoleta mafuriko, la. Lakini mtaro uliozibwa na magodoro na kavera haupitishi maji, na kila tunachotupa Nyamwamba huelekea Ziwa George, wanakovua wenzetu samaki tunaowala. Mto wenyewe umekwisha kubeba mabaki ya kutosha ya mgodi wa shaba uliofungwa 1982.

Bwera nako ni hivyo hivyo, ila mto ni Lhubiriha, mpaka wetu na Kongo. Soko la Mpondwe likivunjika jioni, mabaki huteremshwa ukingoni. Wilaya yetu ilikwisha kuona mwaka 2015 jinsi kipindupindu kinavyosambaa kwa maji machafu ya kunywa.

Basi vitu vipelekwe wapi? Vingi vina wenyewe. Mabati ya kutu, sufuria zilizotoboka na betri za gari, wanunuzi wa vyuma chakavu huzipima kwa kilo. Tairi kuukuu huchukuliwa na washona ndala. Mbao za kitanda ni kuni. Vipande vya matofali vijaze mashimo ya njia, ila muulizeni kwanza mwenyekiti wa mtaa. Maganda, mwenye mbuzi atawashukuru; yanayobaki yatengwe, kwa maana Kasese ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa katika mpango wa NEMA na Benki ya Dunia wa kugeuza takataka kuwa mboji, na mboji haitoki katika gunia lenye chupa na nepi. Tena jaa lisilopunguzwa ni hatari: tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomoka likaua watu zaidi ya 30.

Linabaki godoro. Hilo halina mnunuzi, na kulichoma uani ni kuwapa watoto moshi wa sumu.

Tena kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Takataka zetu hushikwa na mikono ya wenzetu. Tuliongea na mama mmoja anayefagia mitaa kwa mkandarasi. Alituonyesha kiganja kilichochanwa na chupa iliyokuwa ndani ya gunia la maganda. Tukamwuliza, "Mama, glavu ziko wapi?" Akasema, "Baba, jozi ya mwisho nilipewa Krismasi." Siku alizokaa nyumbani na jeraha hakulipwa. Chupa hiyo haikutupwa na mkandarasi. Ilitupwa na mmoja wetu, labda mwanachama mwenye kadi. Kwa hiyo tunapodai glavu na buti kwa wafagiaji, na tutazidi kudai, sisi pia tufunge chupa mbali na maganda.

Kwa mabaraza ya miji tunaomba siku moja kila mwezi lori lipite kuchukua vitu vikubwa, siku itangazwe redioni na sokoni, na lori lisimame mahali panapojulikana. Kasese na Bwera zote mbili, si Kasese peke yake.

Kila tawi lichague mahali pa lori katika mtaa wake, pasiwe karibu na mto wala shule, na katibu aletewe majina ya mahali hapo kabla ya mwisho wa mwezi.