Kompyuta ya kudumu haianzi na i7

Mtu wa pwani akipanda bara kununua kompyuta ya mezani, njia yake mara nyingi ni moja. Hushukia Moi Avenue, akateremka Luthuli, akazunguka maduka matatu manne ya ghorofani, na kila anapoingia hukutana na swali lile lile: "i5 ama i7, boss?" Vijana wetu wa Mombasa, Kilifi na Lamu wanaosoma Chiromo na Kabete, au waliopanga chumba Kangemi na Kawangware wakitafuta riziki kwa kuhariri video za harusi na kuchora kadi, huingia hapo na pesa ambayo mzazi kaikusanya miezi. Swali lenyewe ndilo bovu.

i5 na i7 ni majina ya daraja, mfano wa behewa la kwanza na la pili kwenye gari moshi. Hayakwambii gari liliundwa mwaka gani. Mwaka uko kwenye tarakimu. Core i7-3770 ni kizazi cha 3, prosesa ya 2012 yenye viini 4. Core i5-8500 ni kizazi cha 8, ya 2018, viini 6, na inaiacha mbali ile i7. Tarakimu zikiwa tano, kama i5-10400, kizazi ni zile mbili za mwanzo. Muuzaji anayekataa kukuonyesha namba kamili kwenye skrini ana sababu yake, nawe toka uende duka la pili.

Kizazi cha 8 kina uzito wa pekee. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa prosesa chache mno. Ndiyo maana soko limejaa mashine za ofisi za kizazi cha 4 na cha 6 zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Wapo wanaoitia Windows 11 kwa nguvu ndani ya mashine hizo, na itawaka, lakini Microsoft haijajifunga kuziletea masasisho. Ukiwa na kazi ya kuandika tu na kuingia e-Citizen, mashine hiyo ukiitia Linux Mint bado ni mali. Kwa anayetegemea programu za Adobe, haimfai.

Sasa tuje kwenye kitu ninachoona kinastahili pesa kabla ya vyote: pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani, volti 240, na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3. Kila kilichomo ndani kinakunywa kutoka kisima hicho. Kesi nyingi za bei nafuu huuzwa na pawa saplai "ya bure" iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa. Usisome herufi kubwa. Soma jedwali dogo la ubavuni, mstari wa +12V, kwa kuwa prosesa na kadi ya picha hula huko. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Zikiwa 18, umepata wati 216. Ya kweli ya wati 500 huonyesha ampea 38 na zaidi. Kisha ishike mkononi: ikiwa nyepesi kama kopo tupu, ndani mna uchache wa shaba na chuma cha kupozea. Alama ya 80 Plus nayo ni nzuri, ila ielewe. Inasema kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia unafika kwenye kazi badala ya kupotea kama joto. Haisemi lolote kuhusu kinga, kwa hivyo uliza pia kama ina kinga ya shoti na ya volti kupanda.

Mpwa wangu wa Kangemi alipewa kesi ya aina hiyo, yenye taa za rangi na kioo ubavuni. Umeme ukakatika magharibi, ukarudi kwa kishindo. Alinipigia simu kabla ya isha: "Mjomba, imetoa moshi." Pawa saplai ilikufa, na katika kufa kwake ikaondoka na madabodi na diski iliyokuwa na video za harusi mbili ambazo hazijakabidhiwa. Pesa ya mashine hutafutwa tena. Mama wa bibi harusi utamwambia nini?

Na hapa nchini umeme kuyumba si habari ya mtaa mmoja. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. UPS ndogo basi si anasa. Ila 650VA si wati 650. Nyingi za saizi hiyo hutoa chini ya wati 400, zinatosha kompyuta na skrini kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Usichomeke printa ya leza hapo, maana inapopasha moto huvuta umeme mwingi mno kwa ghafla. Betri yake ihesabie miaka mitatu hivi.

Swali linalofuata ni kama ununue mashine ya ofisi iliyotumika, hizi ex-UK, au uunde yako kipande kwa kipande. Kwa bajeti ndogo mimi napendelea ya ofisi: Dell OptiPlex 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M720. Zimetengenezwa kukaa kazini mchana kutwa. Lakini chukua ile ya mnara mkubwa, uache zile nyembamba. Nyembamba zina pawa saplai ya umbo la peke yake, na hata za mnara viunganishi vyake aghalabu si vya kawaida. Ikifa, unatafuta ya modeli ile ile. Na ikiwa imetoka Marekani, angalia nyuma kama ina swichi ya volti 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 ukaichomeka kwetu, utasikia mlio.

Anayeunda yake na aitazame soketi kabla ya prosesa. Soketi ya AM4 ya AMD ilipokea Ryzen za kwanza za 2017 na bado ikapokea zile za 5000 zilizoanza 2020, alimradi madabodi yenyewe inazikubali na BIOS imesasishwa. Intel imekuwa ikibadilisha soketi kila baada ya vizazi viwili hivi au vitatu. Maana yake, leo waweza kuanza na Ryzen ya chini kwenye madabodi nzuri, na miaka mitatu mbele ukabadilisha prosesa tu.

SSD watu huiogopa bure eti inaisha. Nyingi za GB 500 zenye jina huahidiwa kuandikwa TB 300 hivi. Ukiandika GB 20 kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 40. Cha kuogopa ni bandia. Beba programu ya CrystalDiskInfo kwenye flashi na uifungue pale pale dukani, ikuonyeshe saa ambazo diski imetumika. RAM chukua GB 16 ukiweza, vipande viwili vya 8.

Mashine ikishuka pwani mambo hubadilika. Nairobi iko juu, yapata mita 1,700, na kuna ubaridi. Iliyokaa kimya Lavington itapiga feni Mvita. Joto ndilo linalokausha kapasita, zile kopo ndogo juu ya madabodi. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likipungua nyuzi 10, umri wake hukaribia mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilienea duniani, hata Dell ikalazimika kubadilisha madabodi za OptiPlex GX270 na GX280. Tafuta madabodi yenye kapasita ngumu, zisizo na maji ndani. Chumvi ya bahari nayo hula miguu ya RAM: usiiweke dirisha la upande wa bahari, na usiiache miezi bila kuiwasha. Ikigoma kuwaka, chomoa RAM, futa ile dhahabu kwa raba ya shule, irudishe.

Taa za rangi, kesi ya kioo na kadi ya picha kwa asiyecheza michezo wala kuhariri video, hapo ndipo pa kubania. Risiti usiibanie. Iandikwe namba ya mashine na muda wa waranti. Kibandiko cha "mali ikishauzwa hairudishwi" kisikutishe; Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaostahili. Na ukirudi nayo kwa basi, kadi ya picha ichomoe uibebe mkononi, maana matuta ya njiani huivunja pale ilipochomekwa.