Mathenge Kaskazini Mashariki: Jina, Mti na Kinu

Makala haya yanakusudia kueleza mti ambao wakazi wa Kaskazini Mashariki ya Kenya huulaani na kuutumia kwa wakati mmoja. Wanabotania waliuita Prosopis juliflora hadi mwaka 2022, ulipohamishiwa jenasi ya Neltuma. Kiswahili cha Kenya huuita mathenge, jina la mtu wa Kikuyu lililogeuka nomino ya kawaida. Wasomali huuita garanwaa, yaani kisichojulikana. Wapo wasemao “mathenge imeenea” na wapo wasemao “mathenge umeenea”. Hapa tunafuata upatanisho wa pili, kwani mti ni mti.

Asili yake ni bara la Amerika. Mwaka 1973 ulioteshwa kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, na katika miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Baringo ili kuleta kuni na kuzuia jangwa. Nia ilikuwa njema. Ukame hauuui upesi, na mifugo huepuka majani yake. Maganda, hata hivyo, mbuzi huyapenda mno kwa utamu, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo: mbegu ngumu hupita tumboni salama, zikadondoka pamoja na samadi tayari kuota. Utamu huo aidha huozesha meno. Wailchamus wa Baringo walipoishtaki serikali mwaka 2006, mbuzi kibogoyo aliletwa mahakamani Nairobi kuwa ushahidi. (Kwa Kikuyu, thenge ni beberu la mbuzi, kinaya hicho mtunzi wa tamthilia asingethubutu kukibuni.) Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu.

Sasa tuutazame mji wa Elwak, katika Kaunti ya Mandera, mpakani na Somalia. Jina lenyewe ni visima vya Waaq, Mungu wa Wakushi tangu kale. Kisimani ndipo mifugo ya pande zote hukutana, na ndipo samadi huachwa. Mfugaji aliyelisha mbuzi maganda mazima njiani, kisha akawanywesha hapo, amepanda mathenge bila jembe. Kichaka cha miiba kikishafunga njia ya maji, kisima kipo lakini hakifikiki.

Dawa yake ni kinu. Maganda makavu yakisagwa pamoja na mbegu, hupatikana unga wenye sukari na protini, na mbegu iliyopondwa haioti tena. Unga huo uchanganywe na nyasi au lishe nyingine, usiwe chakula pekee.

Matumizi mengine yanafahamika zaidi: kuni na uzio, kama ilivyo katika kambi za Dadaab, nguzo, na asali, kwa kuwa nyuki hupenda maua yake. Makaa yake ni mazito na hukaa na moto. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mathenge uliokatwa juu ya ardhi huchipua mashina mengi kuliko ya awali. Sharti kisiki kikatwe chini ya uso wa udongo.

Wapo wanaodai kwamba tukiutumia tutaumaliza. Kwa maoni yangu dai hilo ni nusu ya ukweli. Mchoma makaa anayeishi kwa mathenge hana sababu ya kung'oa kisiki kitakachompa mavuno mengine. Msaga maganda huharibu mbegu kila asagapo, apende asipende. Ndiyo maana mashine ya kusagia iliyowekwa karibu na visima ina kazi kubwa kuliko tanuri kumi za makaa.