Paneer ya pilipili: mapishi ya Wachina wa Kolkata

Katika mikahawa mingi ya Kihindi, kuanzia Mumbai na Dubai hadi London na Toronto, paneer ya pilipili huorodheshwa miongoni mwa vyakula vya Kichina. Hata hivyo, asili yake si China. Ni chakula kilichozaliwa India, na nyuma yake ipo historia ya jamii ambayo leo imebaki na watu wachache.

Jamii ya Tangra

Wachina walianza kuhamia Kolkata, ambayo hadi mwaka 2001 ikijulikana rasmi kama Calcutta, mwishoni mwa karne ya 18. Wengi wa jamii ya Wahakka walijishughulisha na utengenezaji wa ngozi katika mtaa wa Tangra, na baadhi yao wakafungua mikahawa. Ili kuwaridhisha wateja wa Kihindi, walizidisha pilipili, kitunguu saumu na tangawizi katika mchuzi wao wa soya. Na kwa kuwa Wahindi wengi hawali nyama, nafasi ya kuku ikachukuliwa na paneer, jibini ambayo haimo katika mapishi ya asili ya Wahakka.

Vita vya mpakani kati ya India na China vya mwaka 1962 viliitikisa jamii hiyo. Takriban watu 3,000 wenye asili ya Kichina walizuiliwa katika kambi ya Deoli, jimboni Rajasthan, na katika miaka iliyofuata wengi waliihama nchi, hasa kwenda Kanada. Ndiyo maana mikahawa ya Wahakka wa India imestawi mjini Toronto.

Jinsi ya kupika

Paneer hupatikana katika maduka ya Kihindi, lakini pia hutengenezwa nyumbani. Lita 2 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta huchemshwa, kisha hutiwa vijiko 3 au 4 vya siki au maji ya limau hadi yakatike. Mtindi hukamuliwa kwa kitambaa safi na kukandamizwa kwa kitu kizito muda wa saa moja. Kwa kuwa hugandishwa kwa asidi na joto, paneer haiyeyuki motoni kama jibini nyingine.

Gramu 250 za paneer hukatwa vipande, hupakwa wanga wa mahindi uliochanganywa na maji na chumvi kidogo, na kukaangwa hadi viwe rangi ya dhahabu. Kisha karai huwekwa mafuta kidogo kwenye moto mkali. Hutangulia kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi. Hufuata vitunguu maji na pilipili hoho, kwa dakika 2 tu, ili visilegee.

Hapo hutiwa vijiko 2 vya mchuzi wa soya, kijiko kidogo cha siki, sosi ya pilipili, na nusu kikombe cha maji baridi yaliyokorogewa kijiko kidogo cha wanga. Chumvi ionjwe kwanza, kwani mchuzi wa soya tayari unayo.

Paneer huingia mwisho, mchuzi ukishakuwa mzito. Ikitangulia, ganda lake hunyonya maji na kulainika. Huliwa papo hapo, kwa wali wa kukaanga au tambi.