Tabora: Bandari Isiyokuwa na Bahari

Sisi watu wa visiwani tusikiapo neno bandari, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye maji, gati na majahazi. Lakini iko bandari moja iliyoitajirisha Unguja ya karne iliyopita mbili, nayo haikupata kuona wimbi hata moja. Bandari hiyo ni Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, juu ya uwanda wa miombo wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliweka kituo chao hapo, mahali palipoitwa Kaze, karibu na mwaka 1850. Hawakupachagua ovyo. Hapo ndipo njia ya kutoka Bagamoyo ilipogawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuzunguka Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani zilipanda nguo za merikani, shanga, nyaya na baruti. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu, na pamoja nazo binadamu waliofungwa minyororo. Burton na Speke, waliofika Kaze Novemba 1857, walikuwa njiani zaidi ya miezi minne.

Jahazi huendeshwa na tanga. Bandari hii iliendeshwa na mabega. Wapagazi wa Kinyamwezi, wengi wao watu huru waliofanya kazi kwa ujira, walibeba mizigo ya ratili 70 hivi nyuma ya kirangozi wao. Wala nchi yao haikukubali kuwa njia ya kupita tu. Mirambo aliwapiga vita wafanyabiashara wa Tabora kuanzia mwaka 1871, na Mtemi Isike, alipozidiwa na Wajerumani Januari 1893, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kutekwa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mzigo ukatoka mabegani. Mji haukufa. Mwalimu Nyerere alisoma hapo, na ni hapo hapo, Januari 1958, mkutano wa TANU ulipopitisha uamuzi mgumu wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu.

Leo mgeni wa Tabora hupelekwa Kwihara, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ni jambo jema. Lakini mwaka 1873 njia ile ile ilipitwa na Susi, Chuma na wenzao, wakiuchukua mwili wa Livingstone hadi pwani. Hao nao ni historia, na ndio wenye njia.

Tangu mwaka 2006 Kwihara imo, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia iliyopelekwa na nchi yetu. Orodha pekee haizibi paa linalovuja, na nyumba ya udongo haingoji barua zijibiwe. Hatuna budi kuwakumbusha wahusika wa bara na visiwani kwamba urithi huu ni mmoja: pembe zilizohesabiwa Forodhani zilipitia Tabora. Anayehifadhi Mji Mkongwe akaiacha Kwihara ibomoke, amehifadhi mlango na kuitupa nyumba.