Japani: Wimbo ulimtangaza samaki, miiba ikamwangusha

WASWAHILI husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nchini Japani mambo ni tofauti kidogo. Huko hata kizuri hutembezwa, na mara nyingi hutembezwa kwa wimbo. Sabuni, dawa za mafua, peremende, uyoga na samaki wote wamewahi kuimbiwa ili wanunuliwe.

Kwa mkulima au mchuuzi anayejiuliza kama fedha za matangazo zinarudi, Japani ina mifano ya kutosha ya nyimbo zilizofanya kazi. Ina pia mfano mmoja mkubwa wa wimbo uliopendwa na nchi nzima, huku bidhaa iliyoimbwa ikizidi kuondoka mezani.

Nyimbo hizi zilianza redioni. Redio za kibiashara zilifunguliwa Japani Septemba 1951, na mwezi huohuo ukasikika wimbo unaotajwa kuwa wa kwanza wa tangazo. Ulitungwa na Miki Toriro kwa niaba ya kampuni ya filamu za kamera, ukamsimulia mpiga picha asiye na uzoefu. Cha kushangaza, haukutaja jina la kampuni wala la bidhaa. Televisheni ya kibiashara ilifuata Agosti 1953, na tangazo lake la kwanza lilikuwa la saa.

Sekunde 15 tu

Tangazo la kawaida la televisheni ya Japani huchukua sekunde 15. Muda huo hautoshi kueleza ubora wa bidhaa, bei yake na mahali inapopatikana. Lakini unatosha kuimba jina lake mara mbili au tatu kwa sauti nyepesi ambayo hata mtoto ataishika. Ndiyo maana kampuni nyingi humalizia tangazo kwa noti chache zinazobeba jina lao. Faida yake huonekana dukani. Mnunuzi akisimama mbele ya rafu yenye bidhaa kumi zinazofanana, jina linalomjia kwanza mdomoni lina nafasi kubwa ya kuingia kikapuni.

Wimbo ukidumu huwa mali. Tangu mwaka 1973 kampuni ya Hitachi imejitangaza kwa wimbo kuhusu mti mkubwa, muziki wake ukiwa wa Kobayashi Asei. Wimbo huo hauuzi mashine yoyote, unajenga jina tu. Mti uliofahamika zaidi katika matangazo hayo uko katika bustani ya Moanalua, mjini Honolulu, Hawaii. Kampuni hiyo imekuwa ikiilipa bustani ada ya kila mwaka kwa kuutumia, ambayo kwa miaka mingi iliripotiwa kufikia dola za Marekani 400,000. Mti mmoja, bila kukatwa wala kuvunwa matunda, umekuwa chanzo cha mapato.

Wakati mwingine faida huja bila kutarajiwa. Mwaka 1999 wimbo wa watoto kuhusu ndugu watatu wa dango, yaani vitonge vya unga wa mchele vinavyochomekwa kwenye kijiti, uliuza nakala karibu milioni tatu. Haukuwa tangazo, kwa kuwa ulitoka katika kipindi cha shirika la umma la NHK, ambalo halirushi matangazo ya biashara. Hata hivyo, wauza dango walipata wateja wengi kuliko kawaida. Mtunzi wa maneno yake, Sato Masahiko, alikuwa ametengeneza matangazo kwa miaka mingi kabla ya hapo. Alijua namna ya kuunasisha wimbo kichwani.

Nani alipe gharama?

Kwa wazalishaji wadogo swali gumu ni la gharama. Mvuvi mmoja akilipia tangazo la kuhimiza watu wale samaki, jirani yake ambaye hakutoa hata senti atauza zaidi pia. Kwa hiyo kila mmoja humsubiri mwenzake, na tangazo halifanyiki.

Wavuvi wa Japani walitatua jambo hilo kupitia ushirika. Mwaka 1991 shirikisho lao la kitaifa la vyama vya ushirika vya uvuvi, Zengyoren, lilitoa wimbo wa kuhimiza ulaji wa samaki uitwao "Osakana Tengoku", yaani pepo ya samaki. Uliimbwa na Shibaya Hiromi, na muziki ukatungwa na mumewe, Shibaya Toshihiko. Maneno yake yanacheza na majina ya viumbe wengi wa baharini na kudai kuwa anayekula samaki huwa na akili.

Kwa miaka kumi wimbo huo haukuuzwa. Ulipigwa kwenye vitengo vya samaki vya supamaketi, mteja akiwa amesimama mbele ya barafu na pochi mkononi. Watoto waliukariri, wazazi wakaanza kuuulizia, na mwaka 2002 ukatolewa rasmi kwenye CD na kupendwa nchi nzima.

Kampuni ya uyoga ya Hokto, yenye makao yake mkoani Nagano, ilipita njia nyingine. Nayo ina wimbo wake unaosikika madukani, lakini iliumudu peke yake kwa sababu uyoga wake hufungwa kwenye pakiti zenye jina la kampuni. Mteja aliyevutwa na wimbo anajua achukue pakiti ipi. Anayeuza mazao yasiyo na jina hana uhakika huo.

Hesabu iliyokataa

Kama sifa peke yake ingetosha kuuza, wavuvi wa Japani wangekuwa wametajirika baada ya 2002. Takwimu za serikali zinaonyesha kinyume. Mwaka wa fedha 2001 kila Mjapani alikula wastani wa kilo 40.2 za samaki na mazao mengine ya maji. Huo ndio uliokuwa upeo. Kuanzia hapo ulaji ulishuka, na mwaka 2011 nyama ikawapita samaki. Kufikia mwaka 2022 wastani ulikuwa umebaki kilo 22 hivi.

Sababu zinazotolewa na walaji wenyewe hazihusiani na wimbo. Wanasema samaki ni ghali, familia inapendelea nyama, na kumwandaa ni kazi. Mama au baba anayetoka kazini jioni hana muda wa kuparua magamba na kutoa miiba, hata kama njiani alikuwa akiimba sifa za samaki. Nyama iliyokatwa tayari inaingia kikaangoni moja kwa moja.

Hatimaye Wakala wa Uvuvi wa Japani uligeukia bidhaa yenyewe. Mwaka 2012 ulianzisha mpango wa kuhimiza samaki walio rahisi kupika na kula, kama vile minofu iliyokwisha kutolewa miiba na vyakula vya kupasha moto tu. Kushuka kwa ulaji hakukukoma, ishara kwamba mlaji aliyekwisha kuondoka ni vigumu kumrudisha.

La kuzingatia

Mwenye fedha kidogo anaweza kuchukua mambo matatu hapo. Kwanza, tangazo la zao ambalo kila mtu analo ni kazi ya ushirika, na mchango wa kila mwanachama ukusanywe kabla ya kuanza. Pili, kabla ya kulipia wimbo, mzigo uwe na mfuko au lebo yenye jina, la sivyo mteja atavutwa na tangazo lako na kununua kwa mwingine. Tatu, wateja waulizwe kwanza kwa nini hawanunui. Wakisema hawakuwa na habari, wimbo utasaidia. Wakisema mchele una mawe, maziwa yanaharibika haraka au samaki ana miiba, fedha hiyo itumike kuondoa mawe, kupooza maziwa na kutoa miiba.