IBAN ya Bongo? Utaisaka mpaka basi!

Hanga, penye abasia ya Wabenediktini, wenye marafiki Ulaya hawakosekani. Sasa mshikaji wa Ujerumani anataka kukurushia mshiko, anakuambia: "Nipe IBAN yako." Unageuza kadi ya benki huku na huku, hola!

Usihangaike, msomaji. Tanzania haitumii IBAN. Ya Mjerumani ina herufi na tarakimu 22: inaanza na DE, kisha tarakimu 2 za ukaguzi. Akikosea moja tu, kompyuta inagoma.

Sisi tuna msimbo wa SWIFT, wenye alama 8 au 11. Wa CRDB ni CORUTZTZ, wa NMB ni NMIBTZTZ (hiyo TZ ya kwanza ndiyo Tanzania). Lakini msimbo unaijua benki tu, wewe haukujui! Mpe na namba ya akaunti, na jina lililoko benki, siyo lile la kijiweni. Kimbembe ni hapa: benki ya Ulaya haiwezi kuikagua namba yako kama inavyokagua IBAN. Ukikosea, mapene yanaweza kuzunguka weee, yakarudi yamekatwa ada.

Akitokea mjanja anayeuza "IBAN ya Bongo", huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mtimue!